Vikombe vya Mama na Vunjajungu wa Bustanini

Nilipokuwa na miaka tisa hakuna kazi niliyoichukia kama kuosha vikombe, na sioni haya kulisema hata leo, mtu mzima mwenye watoto wangu. Tulikaa Mabwerebwere, Kilosa mjini, mimi na mdogo wangu Zuhura, baba na mama, na bibi mzaa baba. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye mkonge huko Rudewa, akawa anashinda shambani. Mama akaanza kuuza chai na vitumbua barazani. Ilikuwa ile miaka biashara zimefunguliwa, bidhaa za nje zimejaa gulioni, na kila mwenye baraza anauza kitu. Wenzake walitumia vikombe vya plastiki. Mama akasema chai ya kwenye plastiki inanuka plastiki. Akauza baiskeli ya baba, kwa ridhaa ya baba mwenyewe, akanunua vikombe kumi na viwili vya udongo, vyeupe, vyenye ua jekundu ubavuni. Wateja walivipenda sana. Wa kuviosha nilikuwa mimi, kabla ya shule na baada ya shule.

Siku moja nachuma matembele nyuma ya nyumba, nikahisi kitu kinanitambaa mkononi. Kutazama, ni mdudu wa kijani, mrefu kama kidole changu, ana shingo nyembamba, na mikono ya mbele ameikunja kifuani kama mtu anayeomba dua. Bibi alikuwa anapalilia bamia hatua chache kutoka pale.

"Huyo ni vunjajungu," akasema. "Umemshika?"

"Amenipanda mwenyewe, bibi."

"Kukupanda na kumshika ni kulekule. Leo usiguse chombo cha mtu."

Kwa asiyejua, nieleze. Wazee wetu waliamini kwamba ukimgusa vunjajungu, chombo cha kwanza utakachoshika kitavunjika. Dawa ni kukaa mbali na vyombo mpaka jua lizame, kisha unanawa mikono kwa majivu. Bibi hakulisema hili kututania. Alipokuwa bado bi harusi alimpangusa vunjajungu begani, halafu akaenda kujitwisha mtungi wa mama mkwe wake. Mtungi ulimponyoka palepale kisimani ukapasuka, na mama mkwe alimsema kwa jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Miaka mingi ilikuwa imepita, lakini akifika hapo kwenye kusimulia, bibi alishusha sauti na kutazama chini.

Basi siku hiyo vikombe aliosha Zuhura, mtoto wa miaka saba, huku amenuna. Mimi nilikaa kwenye gogo nimekunja mikono, nikamwangalia. Nadhani umeshajua nilichokiwaza.

Kesho yake asubuhi nikaenda kumtafuta vunjajungu. Kwa uvivu wangu nilidhani ni kazi ya dakika mbili, kumbe ndugu yangu, yule mdudu anajua kujificha. Ilinibidi nijifunze. Nikajua wa kijani anakaa kwenye majani mabichi, hasa matembele, na anapenda upande wa chini wa jani jua likiwa kali. Wa kahawia yuko kwenye uzio wa mabua, anafanana na bua kavu kiasi kwamba unaweza kumtazama usimwone mpaka ageuze kichwa. Na hicho kichwa ndicho kilichoniteka. Wadudu wengine wote ukiwasogelea wanakimbia au wanatulia tu. Vunjajungu anakugeukia akakutazama, na ukisogea kushoto, naye anakufuata kwa macho. Nilikuwa naona kama ananiuliza, wewe mtoto, unataka nini kwangu kila siku?

Siku nyingine niliona kitu kama povu lililokauka kwenye bua la uzio, nikataka kulibandua. Nikaacha. Baada ya wiki kadhaa vikatoka humo vidudu vidogo vyeusi, tele, nikadhani ni sisimizi, mpaka nilipoona vimekunja mikono kifuani. Nilicheka peke yangu pale uani. Nikimtafuta yeye nikawajua na majirani zake: yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, anayekula vidukari kwenye bamia, nyuki mweusi mnene aliyetoboa nguzo ya jiko akaingia humo kama mwenye nyumba, na yule anayechimba vishimo vya duara kwenye vumbi na kungoja sisimizi aporomoke. Zamani hao wote niliwakanyaga tu nikipita. Sasa nilikuwa natazama ninapoweka mguu. Leo ni afisa ugani, nazunguka vijiji vya Dumila kuwaambia wakulima watazame kwanza kabla ya kupuliza dawa, na shule yangu ya kwanza ilikuwa ule uvivu.

Nilimshika vunjajungu siku nyingi mno kiasi kwamba mama alianza kunikazia macho. Zuhura aliosha vikombe. Na usidhani nilikuwa nawadanganya kwa kuwa siamini. Niliamini kabisa. Nikishamshika, nilikuwa nakunywa maji kwa kukinga mdomo bombani, nisije nikaua kikombe.

Msimu wa pamba ukafika, na mwaka ule wakaja wanunuzi binafsi, wakakodi ghala ng'ambo ya reli. Msimamizi wao alitafuta mtu wa kuwapelekea wapakiaji chai kila siku mpaka msimu uishe. Waliojitokeza walikuwa mama na mwanamke mwingine wa mtaa wa pili. Msimamizi akamwambia mama alete chai Jumamosi saa nne, watu kumi na wawili, waonje kwanza. Mama alituketisha akatueleza bila kuficha. Mahindi yalikuwa yameharibika. Akikosa kazi ile, mimi na Zuhura tungepelekwa Mikumi kwa shangazi mpaka mambo yakae sawa, na hakuna aliyejua yangekaa sawa lini. Zuhura alinishika mkono akaubana.

Jumamosi mapema nikaenda kwenye matembele. Mazoea yana tabu. Nilifikiri, Zuhura ataosha, Zuhura atabeba, mimi nitafuata nyuma na vitumbua. Nikamshika wa kijani, nikamtazama, nikamrudisha kwenye jani lake. Naingia ndani, nakuta Zuhura kalala kwenye mkeka mlangoni, homa imempanda, anatetemeka.

Mama akaviosha vikombe mwenyewe, akavipanga kwenye sinia. Birika kubwa la chai lilikuwa zito, hakuna wa kulibeba zaidi yake. Mikono ya bibi ilishaanza kutikisika kwa uzee. Baba alikuwa shambani tangu alfajiri. Mama akaniita.

"Shika sinia, twende."

Nikarudi nyuma. Machozi yakaanza kunitoka kabla ya maneno.

"Mama, vitavunjika. Nimemshika vunjajungu."

"Leo tena?"

"Nilimtafuta mwenyewe. Siku zote namtafuta mwenyewe, ili nisioshe."

Nilingoja kofi. Mama aliweka birika chini akanitazama, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka. Hilo liliniuma kuliko kofi. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Hapo bibi akatoka chumbani, na ilionekana alisikia yote.

"Ulimfanya nini huyo mdudu?" akaniuliza.

"Nilimshika tu, bibi. Nikamrudisha kwenye tembele."

"Hukumvunja mguu?"

"Hapana."

"Hukumtesa, hukumfunga uzi?"

"Hapana, bibi. Sijawahi."

Bibi akachota majivu jikoni, akanipaka viganja vyote viwili, akanimwagia maji.

"Vunjajungu humvunjia yule aliyemwonea," akasema. "Kama hukumwonea, ana ugomvi gani na vikombe vya mama yako? Beba, uende. Na utazame mbele, si mikononi."

Nilibeba. Mama alitangulia na birika, mimi nyuma na sinia kichwani. Tulipofika kwenye reli niliinua mguu mmoja, vikombe vikalia. Nikatazama mbele kama nilivyoambiwa. Nikainua wa pili. Ghalani nilimwamkia msimamizi, shikamoo baba, naye akaitika marahaba, akanitua sinia mwenyewe. Wapakiaji wakanywa. Mmoja, mtu wa Kanda ya Ziwa, alikigeuzageuza kikombe chake akasema tangu aondoke kwao hajanywea kwenye chombo cha heshima namna ile. Msimamizi akamwambia mama aje Jumatatu.

Hakikuvunjika hata kimoja. Tuliporudi bibi alivipokea vikombe, akavipapasa kimoja kimoja ukingoni kwa kidole. Nilidhani anakagua tu kama ni visafi. Adhabu yangu ilikuwa kuosha peke yangu msimu mzima, na Mikumi hatukwenda.

Nilipokua nilianza kujisifu moyoni kwamba nilikuwa nimemng'amua bibi. Maneno yale aliyatunga palepale mlangoni, nilijiambia, maana hakuna mzee mwingine niliyewahi kumsikia akisema vunjajungu anachagua wa kumwadhibu. Bibi mwenyewe hakuwa anaamini, ndiyo maana akaniruhusu. Nilikaa na wazo hilo miaka mingi, hata baada ya kumzika.

Mwaka juzi nikamsimulia Zuhura hivyo hivyo, tunapika pamoja. Akaacha kukoroga.

"Wewe hukuwepo," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala pale mlangoni. Mlipotoka tu, bibi alikaa kizingitini akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, kama anayeogopa kusikia chombo kikipasuka. Midomo inamcheza, jasho linamtoka. Nikamwita, hakunisikia. Hakuondoa mikono mpaka alipowaona mnarudi."

Nikainama juu ya sufuria nikalia, na Zuhura akaniacha nilie. Basi hofu yote ya asubuhi ile haikuwa imekwisha. Bibi alikuwa ameichukua, akabaki nayo kizingitini, ili mimi nivuke reli na vikombe tu.