Kaseti ya Mpoyi

Mtu akibisha kwako na kompyuta kwapani, akuulize majirani zako wa zamani walikwenda wapi, huyo humpi kiti. Hivyo ndivyo alivyowaza Mama Darlène, muuza mikate wa Kapata, mtaa wa wachimba shaba huko Katanga, siku Stanislas alipofika mlangoni pake. Na nani wa kumlaumu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Maana miaka ile ya mwanzo wa tisini, machimbo yalipoanza kufa na mishahara kukauka, vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali hayo hayo, kwa adabu hiyo hiyo. Tata yako anatoka wapi? Mama yako anasema luga gani jikoni? Muda si muda familia zenye asili ya jimbo la Kasai, watu waliozaliwa hapa na kuzika wazee wao hapa, walikuwa wanalala stesheni na magodoro yao wakingoja treni. Waliitwa wadudu. Watu walioichimba shaba ile kwa jasho lao, wadudu. Mimi neno hilo sijalisahau.

“Mama, banasema uko na kaseti ya zamani,” alisema Stanislas.

“Banasema nani?”

“Bantu tu, mama.”

“Bantu habana majina? Na we, tata yako ni nani?”

Kijana alijieleza. Alikuwa anakusanya kaseti za cité, mitaa ya wafanyakazi wa machimbo: orkestra, harusi, matanga. Anasafisha sauti kwenye kompyuta, anaituma kwenye kundi la WhatsApp liitwalo Batoto ba Kapata, na wale waliotawanyika, wa Mbuji-Mayi, wa Lusaka, wa Brussels, wanarudisha sauti zao. Huyu anaimba, yule anapiga makofi, mwingine analia tu. Yeye anazishona zote na gitaa, zinakuwa wimbo mmoja.

“Na wewe unapata nini?” aliuliza Mama Darlène, akamfungia mlango.

Kaseti alikuwa nayo, imefungwa kitenge chini ya sanduku la nguo. Ndani yake alikuwemo baba yake, Mpoyi, fundi wa karakana, akitamka kasala, yale masifu ya ukoo ambayo watu wa Kasai huyatoa kwenye karamu. Jina la kuzaliwa la Mama Darlène ni Kabedi. Siku ya treni alikuwa mtoto anayechomeka kwa surua, na behewa lilikuwa halina paa. Mpoyi akamwachia jirani, Mama Simone, mzaliwa wa Katanga, pamoja na kaseti ile, akasema atarudi kumchukua. Hakurudi. Alizikwa kando ya reli.

Simone akamlea, akamwita Darlène, akamkataza Kiluba cha Kasai, lugha ya baba yake, hata usingizini. Na kuhusu kaseti alisema neno moja mpaka kufa kwake: “Usiipige. Itakatika.” Darlène hakuipiga. Ilimtosha kujua kwamba baba yumo.

Lakini mwaka huu alipofungua kitenge aliona utepe umeota ukungu. Baba anaoza, alijiambia, na hofu hiyo ikaishinda hofu nyingine. Akamwita Stanislas. Kabla ya kumpa, alichora msalaba kwa sindano kwenye plastiki ya kaseti, pembeni kabisa, asiuone mtu. Akili ni mali.

Stanislas alirudi uso umemshuka. “Mama, humu iko paka kwaya, kwaya tu. Benyewe banaimba Swahili.”

Mama Darlène aliigeuza kaseti. Msalaba ulikuwepo. Basi ameniibia ndani ya mashine, aliwaza, na akamwambia hivyo hivyo, bila kupepesa macho. “Umetoa sauti ya tata yangu, umeweka ya kanisa. Umeuzia nani?”

“Sijauzia mutu. Kaa, mama. Sikia mwenyewe.”

Alikaa kwa shari tu, apate la kumshtakia. Mashine ikakwaruza. Kabla ya wimbo kuanza, mwanamke mmoja alisikika akisema chini chini, karibu kabisa na kinasa sauti: “Imbeni na nguvu. Bavijana beko mu barabara.”

Sauti ile aliijua. Ilimbembeleza utoto wake wote.

Alikumbuka sasa: vijana wale walikuwa wakizipiga kaseti za watu wakitafuta Kiluba, na nyumba iliyokutwa nacho iliwashwa moto. Simone hakuthubutu kutupa amana ya mtu. Akawaita wenzake wa kwaya ya parokia, wakarekodi nyimbo zao juu ya sauti ya Mpoyi, ikafutika. Miaka yote ile, alipokuwa akisema itakatika, alijua hakuna cha kukatika. Mama Darlène aliona hasira, kisha hasira ikakosa mtu wa kushika.

“Ngoja,” alisema Stanislas. “Kwaya inaisha, na utepe iko bado. Miye sikufika huku.”

Kwaya ikaisha. Ikasikika tiki, na mwanaume akaingia katikati ya maneno, akikimbia na majina ya mababu kwa Kiluba. Nyumbani kwa Mpoyi kasala ilikuwa na desturi yake: mwisho huitwa mtoto wa nyumba, naye lazima aitike, kwani asipoitika anayeita hawezi kukaa chini. Mpoyi aliita, “Kabedi wa Mpoyi, uko wapi?” Utepe ukaisha hapo.

Dirisha lilikuwa wazi, wateja wa mikate wamesimama nje. Mama Darlène hakulifunga.

“Tatu, ndi apa,” alisema kwa Kiluba, kwa sauti ya mtu aliyekuwa hapo siku zote. Niko hapa, tata.

Alilia, wala hakujificha. Stanislas aliuliza kama sauti yake hiyo, iliyonaswa na kompyuta, pia anaweza kuituma kwenye kundi, na aandike ni ya nani. Kwa mara ya kwanza hakuulizwa anataka kujua kwa nini.

“Andika Kabedi wa Mpoyi,” alisema. “Na ile ya kwaya, andika Simone. Andika ni mama yangu.”