Waashuri wa Toronto na ugomvi wa herufi za kuwafundishia watoto

Wakuu, kaeni kitako niwasimulie jambo la huku Toronto. Mengine nimeyaona mwenyewe, mengine nimeambiwa na yule yaliyomkuta. Nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Muheza. Nafanya kazi kwenye ghala la vigae huku Downsview. Ninayeshinda naye kutwa ni dereva wa folklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, anaitwa Ninos. Ni Mwashuri kutoka kaskazini mwa Iraki.

Najua mtauliza: Waashuri si wale wa kwenye Biblia?

Ndio hao hao. Wajukuu zao wapo, wanapanga foleni ya kahawa kama sisi, na lugha yao bado wanaizungumza. Ila wametawanyika dunia nzima na hawana nchi yao wenyewe. Kiashuri kisipoishi nyumbani, hakuna serikali itakayokibeba.

Ninos ana binti, Nahrin, yuko darasa la sita. Ninos anaishi pia na mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima humwita Nana, yaani bibi. Kiingereza cha Nana kinaishia "hello" na "no sugar".

Nahrin anaelewa Kiashuri, lakini anajibu Kiingereza. Wenye watoto huku mnanielewa. Wa kwangu nikimwambia "njoo ule" nasikia "in a minute, Baba".

Basi Nana na mjukuu wanakaa sofa moja, wanapendana, na hawana la kuambiana. Hilo ndilo lilikuwa linamnyima raha Ninos.

Kanisani kwao kuna darasa la lugha kila Jumamosi. Siku moja Nahrin akatangaza haendi tena. Alisema kazi yao kule ni kuchora herufi tu, kuongea hakuna.

Hapa nieleze kidogo. Kiashuri kina herufi zake za kale. Zinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu, lakini si Kiarabu. Ndizo zilizomo kwenye vitabu vyao vya ibada. Mtoto aliyezoea a, b, c zinamchukua muda.

Wazazi vijana wakasema: tuwaandikie kwa a, b, c, waanze kuongea kwanza. Wazee wakawaka. Kwao, ukiziacha zile herufi umeuacha Uashuri wenyewe.

Ninos akabaki katikati. Wakati wa lunch akaniuliza, "Khoni," ndivyo anavyoniita, maana yake kaka yangu, "nyie lugha yenu mnaiandika kwa herufi gani?"

Nikamweleza taratibu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani sana, kabla hatujazoea hizi za sasa. Tulibadili, na lugha haikufa.

Lakini nikampa na upande wa pili. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwislamu wa Pangani. Nina picha yake, na nyuma yake ameandika maneno kwa mkono wake, kwa zile herufi. Sisi tulilelewa Kikristo, hatukufundishwa. Ni Kiswahili, lugha yangu mwenyewe, na siwezi kukisoma.

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Ukichagua moja, ujue unachokiacha."

"Umenisaidia sana," akasema. "Bora ningeiuliza folklifti."

Akanionyesha grupu la wazazi kwenye simu, mabishano yametapakaa. Kiashuri sijui, ila herufi naziona. Nikamwonyesha ujumbe mmoja mrefu kama gazeti. Huyu anasemaje?

"Huyo ni mwalimu wa darasa, mkali kuliko wote. Anasema herufi za kigeni zisiingie darasani hata siku moja."

"Mbona ameandika kwa hizo hizo?"

Ninos akaitazama simu. Akapandisha ujumbe, akashusha. Wazee kwa vijana, wote walikuwa wanazibishania herufi za kale kwa a, b, c! Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia buti.

Msiwaone wanafiki, wakuu. Mtu huandika kwa herufi zilizo karibu na vidole vyake.

Alipomwambia mwalimu, akajibiwa, "Simu ni simu, darasa ni darasa." Kanisani hakikubadilika kitu. Ninos akaamua kuanzia jikoni kwake.

Nahrin anapenda sana dolma, yale majani ya mzabibu yaliyofungiwa mchele na nyama. Baba yake akamwambia: Nana akueleze anavyopika, wewe andika unavyosikia, kwa a, b, c zako.

Akaandika ukurasa mzima, akampa Nana.

Nana akaigeuza karatasi juu chini, akairudisha. Herufi zile hazijui. "Nisomee," akasema.

Hilo hakuna aliyelifikiria. Ikabidi mtoto asome kwa sauti, kwa Kiashuri, kwa mdomo wake.

"Mchele mbichi, mwanangu, si uliopikwa! Unataka wageni wangu wale uji?"

Nahrin akabisha. Kwa Kiashuri! Ninos aliniambia alijificha nyuma ya mlango wa jokofu wasimwone machozi.

Walipomaliza, Nana akaomba kalamu. Chini ya kila mstari wa mjukuu akaandika maneno yale yale kwa herufi za kale, akianzia kulia. Karatasi ikabandikwa jikoni. Baada ya muda Nahrin mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Nana, hapa mchele ni upi?"

Jumamosi iliyopita alirudi darasani na karatasi yake. Mwalimu akaishika. Ninos akasubiri ugomvi.

Mzee akasoma mistari ya chini, akasoma na ya juu, akakunja uso. "Mbona hakuna limau?"

Nahrin akamjibu kwa Kiashuri, "Muulize Nana."

Nilichojifunza: tulikuwa tunauliza herufi zipi ni bora, kumbe la kwanza ni mtoto awe na neno analotaka kuliandika. Wenye watoto ughaibuni, nyie mnafanyaje? Andikeni hapa chini, nami nitasoma.

Lakini kabla ya kuandika, mpe mwanao kalamu. Ampigie bibi yake simu, aandike namna ya kupika chakula anachokipenda, kisha amsomee bibi kwa sauti.