Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Nota

Mwalimu Nota, maana ndilo jina alilopachikwa chuoni mpaka mkewe naye akalizoea, alikuwa mtu wa kushika jambo moja akafa nalo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitengeneza programu ya kompyuta ya kusahihisha nyimbo. Programu zilizokuwepo zilisoma nota za mistari tu, na wanafunzi wake, watu wazima waliosomea ualimu na kukulia kwenye kwaya, waliandika do-re-mi kwa herufi. Basi akaamua kuifundisha kompyuta herufi. Mwenyewe aliijulia ukubwani, kidole kimoja kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Ukimwuliza anatafiti nini, alikujibu bila kupumua: utunzi wa muziki, teknolojia na ufundishaji. Mkewe, mshonaji wa nguo, aliongeza la nne: na kusahau chakula mezani.

Sasa sikia alivyojimaliza. Programu ilihitaji mifano. Yeye akatoa madaftari ya wanafunzi ya miaka yote, makabati mawili yamefurika, kila ukurasa na alama zake za kalamu nyekundu, akayaingiza yote. Kila kosa alilowahi kulizungushia duara, kila "rudia" aliyowahi kuiandika. Hakuna aliyemlazimisha. Mchimba shimo huingia mwenyewe, na huyu alilichimba siku za mapumziko, tena akiimba.

Ikafanya kazi. Ikafanya kazi mno. Wanafunzi wakaipenda kwa sababu haikohoi, haikasiriki, na majibu yake ni papo hapo. Muhula haujaisha, Mkuu wa chuo akamwita ofisini. Alikuwa mama mpole, aliyemheshimu kweli, na ndiyo maana ilimwuma zaidi. Akamweleza kwamba somo la utunzi litabaki, ila mwalimu wake hatahitajika tena, programu inatosha. Mwalimu akabisha. Akasema ile inahesabu tu, haisikii, na yako mambo ambayo sikio la mtu litayapata na mashine isiyapate mpaka kiama. Mkuu akamjibu:

"Basi nionyeshe, Mwalimu. Wimbo mmoja, mahali pamoja tu mnapotofautiana. Nikipaona, nitakutetea mbele ya bodi."

Mahali pamoja! Siku hiyo alifika nyumbani na kula chakula kikiwa moto, mkewe akashangaa.

Ukachaguliwa wimbo wa Mama Pacha, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyewaacha mapacha wake kwa dada yake ili asome. Aliutunga kwa sauti nne, kumlilia baba yake. Programu ikaupitia kwanza, majibu yakafungwa kwenye bahasha, bahasha akaishika Mkuu. Wakakaa watatu, Mama Pacha naye akiwepo, kwenye meza moja ya darasa la muziki. Mwalimu akapewa nakala safi, akafungua kalamu.

Makosa madogo yalikuwa kumi, akayazungushia yote. Akafika mstari wa mwisho. Pale sauti ya kwanza na besi zilishuka pamoja, hatua kwa hatua, kwa umbali uleule. Kwa kanuni hilo ni kosa, tena ndilo la kwanza kabisa mwanafunzi kukatazwa. Lakini Mwalimu aliuimba moyoni, akawaona watu wawili wamebeba jeneza, mmoja mbele mmoja nyuma, hakuna anayethubutu kubadili mwendo. Hakukumbuka lini kazi ya mwanafunzi ilimgusa hivyo.

Alijua kuwa ni hapo. Aparuke tu, asipaguse, na kazi yake imepona. Wala usingekuwa uongo. Palikuwa pazuri, haki ya Mungu palikuwa pazuri. Lakini Mkuu akiuliza sababu atasema nini? Kwamba amependa? Miaka ishirini na mitatu amewarudisha watu mahali kama hapo, wengine wakitoka na machozi, na hata siku moja hakuuliza kama pamependeza. Akimwachia huyu, wale je? Akazungushia duara, na pembeni akaandika "rudia" kwa mwandiko uleule wa siku zote.

Mkuu akafungua bahasha, akalinganisha polepole kwa kidole. Kumi na moja kwa kumi na moja. Akamgusa Mwalimu begani, akatoka.

Mama Pacha akaivuta karatasi yake, akalitazama duara la mwisho kwa muda.

"Hapa ndipo nilipopapenda kuliko pote, Mwalimu."

"Hata mimi," akasema Mwalimu.

Mama Pacha akauliza, basi apaache hivyo hivyo? Mwalimu akawa anahangaika kuifunika kalamu, kifuniko hakiingii.

"Badilisha, mama. Mtihani utasahihishwa na ile."