Servi Niliyoipiga Mama Akiniangalia

Leo nimepoteza mechi makusudi, na timu yangu bado inanipa pole.

Ligi yetu ya voliboli hapa chuoni ina sheria: timu ya mchanganyiko lazima iwe na wasichana wawili uwanjani. Mmoja akitoka, mmepoteza. Leo tulikuwa wawili tu, mimi na Faith.

Seti ya mwisho, nikaona mama yangu kando ya laini. Ametoka nyumbani Merigi bila kuniambia, amebeba mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu. Hatujaonana tangu muhula uanze.

Na gari ya mwisho ya kwetu inarudi saa kumi!

Nikamwomba kapteni wetu, Ouma, "Nitoke dakika tano tu?"

"Ukitoka, tumeenda nyumbani sisi wote."

Saa kumi ikakaribia. Wapinzani walibakisha pointi moja washinde. Servi ni yangu. Mama anapiga makofi, anaita jina langu.

Nikaipiga kwa wavu.

Nikamkimbilia. "Mama, gari itakuacha!"

"Niliiambia iende kitambo. Nilitaka kukuona ukicheza hadi mwisho."

Jameni. Mngekuwa nyinyi, mngefanyaje?

Ouma ananiambia nisijali, kila mtu hukosea. Kumwambia ukweli usoni nimeshindwa.

Ouma, ukisoma hii, niko hosteli. Kuja tuongee.