Ukurasa Uliofunga Maktaba Siku ya Jumapili

Hadi leo mtu akiniambia "angalia kwenye mtandao, kila kitu kipo," nakunja uso. Najua siku hizi mnatafuta humo kila kitu, hata dawa ya mafua, na wala siwalaumu. Lakini mimi niliandika ukurasa wa mtandao kwa mikono yangu hii, na ukurasa ule ukamfungia mtu mlango. Kwa hiyo mniache na uso wangu.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, Karatu ikianza kujifanya mji wa mahoteli. Nilikuwa mtunza maktaba wa pale mjini, na chini yangu kulikuwa na matawi matatu madogo: moja Mbulumbulu, moja upande wa Daa, na moja huko Digodigo, ambako hata kufika tu ilikuwa safari ya kuombewa dua. Hili la Daa ndilo ninalotaka kulisema. Lilikuwa chumba kimoja cha bati, kabati mbili, mabenchi matatu, na mwalimu mstaafu aliyelitunza.

Mwalimu yule alikuwa Mwiraqw wa palepale, mkulima wa mahindi na maharage, na tawi alilifungua kwa kufuata maisha ya watu wake. Alifungua siku ya mnada wa mifugo kwa sababu watu wote walipita pale. Alifungua Jumapili baada ya ibada mpaka jioni. Siku nyingine ukimhitaji unamuuliza jirani, jirani anakuonyesha shamba, unamkuta ameinama na jembe. Anafuta mikono kwenye suruali, anakuja kukufungulia. Hakuna hata siku moja niliyopokea malalamiko.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yenyewe, na hasa kwa mtu mmoja. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kibarua kwenye shamba la kahawa. Wazazi wake walitoka Singida zamani kuja kuchuma, na yeye akazaliwa humo humo kwenye kambi ya vibarua. Alifukuzwa shule kidato cha pili kwa ajili ya mimba. Sasa ana watoto wawili, ameshapita mtihani wa maarifa, ule wa kuwapima waliokatishwa shule kabla ya kuruhusiwa kidato cha nne, na mwaka ule alikuwa amesajiliwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Siku sita za wiki yuko kwenye kahawa. Ya saba anatembea saa mbili kwa miguu, kuja kusoma.

Vitabu alivyovihitaji, vya jiografia na biolojia na historia, vilikuwa nakala moja moja na haviazimwi. Ilikuwa lazima avisomee palepale, kwenye benchi la dirishani ambalo mwalimu alimwekea. Nilimkuta siku moja ananakili mchoro wa figo, ulimi umetoka pembeni kwa umakini. Akaniambia, "Mama, nikipata cheti sichumi tena kahawa ya mtu. Nakwenda chuo cha ualimu." Hakuwa anaota. Mwalimu alishampa majaribio matatu akamsahihishia kwa kalamu nyekundu, na alikuwa anapita.

Sasa akaja mtaalamu.

Alitoka Dar na gari la mradi, kijana msafi, laptopu begani, miwani ya jua hata akiwa ndani. Mradi wenyewe ulisema kila tawi la maktaba lipewe ukurasa wake kwenye mtandao, ili mtu akiandika "maktaba Daa" kwenye kisanduku cha kutafutia, aone tawi liko wapi, lina vitabu gani, na linafunguliwa saa ngapi. Nilifurahi, sisemi uongo. Kabla ya hapo ukitafuta Digodigo hupati kitu, ukitafuta Ngorongoro unaletewa simba na bei za hoteli. Nikasema na sisi tuonekane, jamani, na sisi si tupo?

Tulifanyia kazi kwenye kile kibanda cha intaneti cha mjini, tumebanana na watalii wanaowaandikia mama zao kuhusu faru. Mtaalamu ananiuliza, mimi najibu, yeye anajaza. Mahali, sawa. Idadi ya mabenchi, sawa. Tukafika kwenye saa za kufungua.

"Daa ni siku ya mnada na Jumapili," nikamwambia.

Akacheka. "Mnada? Mama, mfumo hautambui mnada."

"Basi weka Jumapili."

"Jumapili imezimwa kutoka juu. Ona, haibonyezeki."

"Acha wazi."

"Ukiacha wazi ukurasa hautoki kabisa." Akaangalia saa yake. "Tuweke tu Jumatatu mpaka Ijumaa, saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu, kama tawi lako la mjini. Ni la kuanzia tu, mama. Tutarekebisha."

Mimi ni mtu wa kugombana. Nimegombana na wauza nyanya, nimegombana na mchungaji, nimegombana na mkwe wangu mbele ya wageni. Siku ile nikanyamaza! Mstari wa intaneti ulikuwa unakatika kila mara, nyuma yangu mzungu anakohoa kunikumbusha kwamba ana zamu, na kijana kasema tutarekebisha. Nikasema, haya, weka. Chini kabisa akaandika kwamba taarifa imeandaliwa na mtunza maktaba wa Karatu. Huyo ni mimi.

Akaondoka na neno la siri la kuingilia humo. Hakuniachia, wala mimi sikujua kwamba kuna kitu cha kuachiwa.

Kosa langu la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na hili silisukumii mtu. Kwa kuwa huko vijijini hakuna aliyekuwa na intaneti, niliambiwa nitoe kila ukurasa kwenye karatasi, zibandikwe kwenye mbao za matangazo. Nikazitoa. Na kwetu, ninyi mnajua, karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia maandazi. Nikagonga mhuri wa maktaba kwenye kila moja, tap, tap, tap, nikajiona mtu wa maana. Zikaenda.

Miezi miwili baadaye nilipanda Daa kupeleka vitabu. Ilikuwa Jumatano mchana. Nikakuta mlango wazi na mwalimu amekaa peke yake mezani, kavaa koti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye msomaji wa kwanza tangu Jumatatu."

"Mbona uko hapa? Shamba je?"

"Shamba limeingiwa na magugu. Lakini si mmeagiza Jumatatu hadi Ijumaa?"

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Mkubwa mmoja wa ofisi ya pale, simtaji, aliisoma karatasi yangu ubaoni, akaona mhuri, akamwita mzee wa watu. Akamuuliza kwa nini hafungui Jumatatu kama ilivyoelekezwa, na kwa nini anafungua Jumapili kinyume na maelekezo. Na ili asisumbuke, ufunguo ukawa unalazwa ofisini kuanzia Ijumaa jioni. Mwalimu kafanya kazi serikalini maisha yake yote. Mtu wa namna hiyo akiona mhuri hasemi kitu, anavaa koti anakwenda kukaa. Akakaa, siku tano kwa wiki, katika chumba kitupu, maharage yake yakiliwa na magugu, kwa sababu sisi tuliandika kitu ambacho hakikuwa kweli na watu wakakilazimisha kiwe kweli.

Nikamuuliza, "Na yule binti wa kahawa?"

Akainamisha kichwa. "Alikuja Jumapili ya kwanza akakuta kufuli. Alikaa pale kizingitini mpaka saa sita. Ya pili akaja tena. Nilimwona nikitoka kanisani." "Niliona aibu, mwanangu. Nikapita njia ya nyuma."

Nilichemka. Sikumbuki hata kama niliaga. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mkubwa, nikaingia bila kubisha hodi.

"Karatasi ile imekosea," nikamwambia. "Ichane."

"Imetoka kwenye kompyuta, mama."

"Mimi ndiye niliyeiambia kompyuta! Nakwambia imekosea."

"Basi niletee nyingine yenye Jumapili."

"Nipe kalamu, naandika sasa hivi, na mhuri ninao kwenye mkoba."

Akanitazama kama mtu aliyeomba kuandika noti ya benki kwa mkono. "Ya kalamu hapana. Iwe ya kompyuta kama hii. Sitaki matatizo na watu wa juu."

Eti watu wa juu! Mtu wa juu nilikuwa mimi, nimesimama mbele yake na vumbi mpaka kwenye nyusi. Lakini hilo hakuliona, aliona karatasi. Nikamwita majina ambayo nisingependa watoto wangu wayasome hapa, nikatoka.

Nikamwandikia mtaalamu barua pepe. Kimya. Nikaandika ya pili, ya tatu, kila mara nikipanga foleni kwenye kile kibanda na watu wa faru. Ya nne akajibu kwamba amehamia mradi mwingine, poa sana kufanya kazi nasi, niwasiliane na makao makuu. Makao makuu wakasema suala la Jumapili ni la sera na litapelekwa kwenye kikao. Nikauliza kikao lini. Wakasema nitajulishwa. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu, jamani, na mwanamke wa watu anasubiri kisanduku kibonyezeke!

Jumapili iliyofuata nikapanda Daa mwenyewe. Kufuli lilikuwa mlangoni, la manjano, jipya. Nikaenda kwa mwalimu nikamkuta anavaa viatu vya kanisani.

"Mwalimu, naomba nyundo."

Akaniangalia, akaangalia mlima, akaingia ndani akatoka nayo. "Mimi niko ibadani," akasema. "Sijaona mtu." Akaenda zake.

Nilipiga lile kufuli mpaka mkono ukafa ganzi. Watu waliokuwa wanapita kwenda kanisani walisimama, mmoja akanisalimia kwa adabu kabisa, "Za asubuhi, mama," huku mimi napiga. Likakatika. Nikafungua madirisha, nikafuta vumbi benchi la dirishani, nikapanga juu yake vile vitabu vitatu. Nikakaa kusubiri. Wakaja watoto wa shule, wakaja kina mama wawili kutafuta kitabu cha ufugaji wa kuku. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Yeye hakuja.

Saa nane nikamwachia mwalimu mlango, ibada ikiwa imeisha, nikatelemka kwenye shamba la kahawa. Nikampata katikati ya mistari, ndoo imefungwa kiunoni, vidole vyeusi kwa utomvu. Aliponiona alishtuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo Jumapili, unafanya nini huku? Nimekufungulia. Nimekungoja tangu asubuhi."

"Jumapili si mmefunga, mama? Tangazo nililisoma. Lina mhuri wako." Alisema bila kinyongo, ndiyo maana liliniuma. "Nikaona nikikaa kambini nitabaki nawaza tu. Nikamwomba msimamizi anipe na Jumapili, mpaka msimu uishe. Kanipa."

"Mwambie umeacha. Nitazungumza naye mimi."

"Kashaandika majina, mama. Na mtihani wenyewe nimeshauacha. Ningeandika nini? Jiografia sijaigusa tangu mfunge."

"Lakini kwa nini hukuja kuniuliza? Karatu si mbali! Ungemuuliza hata mwalimu!"

Akachuma kahawa mbili tatu kabla ya kujibu, kwa sababu msimamizi alikuwa anatutazama. "Niliogopa. Jumapili ile ya mwisho nilikuwa na chai kwenye chupa, ikamwagikia kitabu cha jiografia. Sikumwambia mwalimu, nilikifunika nikakirudisha. Wiki ileile tangazo likatoka." Akainua macho. "Nikajua ni kwa ajili yangu, mama. Nikaona aibu kuja kuuliza."

Nikamwapia. Nikamweleza yote, mtaalamu, kisanduku, mhuri, kikao. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Aliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kwa adabu tu, na nikaona wazi kwamba haniamini, kwamba anadhani namfariji. Nani angeamini? Chai iliyomwagika ni jambo la akili. Nilichokuwa namweleza mimi hakikuwa na akili hata kidogo.

Akaniomba radhi, akarudi kuchuma.

Nikapanda tena kwenye tawi, nikakichukua kile kitabu cha jiografia pale benchini, nikafungua ukurasa mmoja mmoja kulitafuta doa. Nililipata kwenye somo la mito. Lilikuwa dogo kama kifungo cha shati, na kila neno chini yake lilisomeka.