Uso wa Ukutani

Nilikuwa juu ya ngazi, napuliza rangi ya kivuli chini ya kidevu cha picha, niliposikia pikipiki inazimwa nyuma yangu. Sikugeuka. Ukichora barabarani watu husimama kila mara, wengine wanasifu, wengine wanauliza kama mzazi wako anajua unachofanya. Hawa hawakusema kitu, na kimya chao kilipozidi nikashusha mkono.

Walikuwa wanaume wawili. Mmoja alibaki juu ya pikipiki, akiupiga ukuta wangu picha kwa simu. Mwingine alikuja hadi miguuni mwa ngazi.

“Wewe ndiyo nachora hii?”

“Ndiyo, bosi.”

“Huyu mtu unajua wapi?”

Ukuta wenyewe ulikuwa ubavu wa duka la saruji na mabati, Busia upande wa Uganda, pale malori yanapoanza kupunguza mwendo kabla ya mpaka. Mwenye duka, mzee mmoja Msamia, alikuwa amenipa ruhusa ya kuchora nitakacho, mradi nisichore mtu uchi wala mwanasiasa. Nikachora kijana anayechana mistari ya rap: kofia imegeuzwa nyuma, hedifoni shingoni, mdomo wazi, mkono hewani. Nyuma yake niliweka herufi nene zilizosukana. Herufi za namna hiyo nilijifundisha nikiwa msichana kule Dabani, kwa kunakili fulana za hip hop zilizokuwa kwenye mitumba ya mama, kabla hajazipeleka sokoni.

“Simjui,” nikamjibu. “Nimemtoa kichwani tu.”

“Kichwani.” Akalitazama lile neno kama kitu kilichoanguka chini. “Nani nakutuma?”

“Hakuna.”

“Unakaa wapi?”

Nikamwambia. Mpaka leo sielewi kwa nini nilimwambia ukweli, hata jina la mtaa na rangi ya geti. Mdomo ulijibu wenyewe. Akatikisa kichwa, akasema watarudi, wakaondoka polepole wakifuata barabara ya Tororo. Hawakuwa wamesema ni watu wa ofisi gani, na pikipiki yao haikuwa na namba.

Mwenzangu, kijana wa upande wa Kenya aliyekuwa akinikatia maboksi yenye matundu ya kupulizia rangi, alikuwa amejibanza nyuma ya mabati muda wote huo. Alipotoka aliutazama ukuta, kisha akanitazama mimi.

“Manze, hujaona? Huyu ni yule msee wa njia za panya.”

Nikashuka ngazi nikiishikilia kwa mikono yote miwili. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekwenda kwenye shindano la kuchana, uwanjani nyuma ya soko. Kijana mmoja kutoka Masaba alichana kwa Kilusamia na Kiswahili juu ya watu wanaovusha sukari na mahindi kwa njia za panya, jinsi wanavyopigwa na anayewapiga. Alitaja mambo ambayo watu huyasema kwa kunong’ona. Baadaye tulisikia ameingizwa kwenye gari jeupe na hajaonekana tena. Nilimsikiliza mara moja tu, kwa mbali. Nilidhani nimemsahau. Mkono wangu haukuwa umemsahau.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda Mulanda kwa shangazi yangu, aliyeolewa huko kwa Wajopadhola, nikamwambia mwenzangu peke yake. Simu niliizima. Alinikuta nimekaa stoo kati ya magunia ya mihogo mikavu, jua likiwaka nje.

“Mwanangu, umeiba?”

“Hapana, shangazi. Nimechora.”

“Umechora nini cha kukimbiza mtu namna hii?”

Nikamweleza. Hakunikemea. Alifunga mlango wa mbele, ambao huwa wazi mchana kutwa, na tangu siku hiyo akawa anaufunga. Hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angenigombeza. Kila pikipiki iliyopita barabarani niliisikiliza kuanzia mbali: inakuja, inapunguza, inapita. Nikilala mchana nilimwona yule mtu miguuni mwa ngazi, na ngazi haikuwa na mwisho wa juu.

Kisha ikaja pikipiki moja ambayo haikupita. Iliingia uani ikazimwa. Nilijilaza nyuma ya magunia, nikajiziba mdomo kwa khanga ya shangazi ili pumzi isisikike. Nikasikia sauti ya mwenzangu akiniita kwa upole. Alikuwa amemleta mwanamke aliyefunga kitambaa cheusi kichwani, dada yake yule kijana aliyepotea.

“Mzee mwenye duka amepaka ukuta chokaa,” yule dada akasema. “Simlaumu, walimrudia. Lakini kabla hajapaka nilikuwa naenda pale kila siku, nasimama kama mtu anayengoja kununua misumari.”

Nikamwambia pole.

“Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuambia sikio umelikosea.”

Nyumbani kwao hawakuwa na picha yake hata moja. Simu ilikwenda naye, na waliokuja kupekua walichukua picha zilizobaki. Mama yao alikuwa ameanza kumwota mwanawe bila uso. Dada alitaka nimchore tena, picha ndogo ya kuweka ndani.

Niliogopa kukubali, na kumkatalia akiwa amesimama mbele yangu niliogopa vilevile. Nilichora kwenye kipande cha plaiwudi, mle stoo, dirisha limezibwa kwa blanketi. Rangi za kupuliza sikuthubutu kuzigusa, kwa sababu mlio wa kopo husikika hadi njiani. Nilitumia brashi na rangi ya milango. Yule dada alikaa kando akinielekeza: sikio lilale zaidi, jino la mbele lina mwanya, juu ya nyusi weka kovu. Kovu lilitoka refu kupita kiasi, nikalifuta nikaanza upya.

Aliondoka nayo imefungwa kwenye gunia, juu yake mkungu wa ndizi. Siku ile yote sikukaa. Jioni mwenzangu alimpigia shangazi simu akasema maneno mawili: “Ndizi zimefika.” Shangazi akaketi chini pale pale alipokuwa amesimama.

Mvua za masika zilipokwisha, yule kijana wa Masaba alirudi. Aliachwa kando ya barabara karibu na Tororo, amekonda, haongei. Baada ya wiki kadhaa dada yake akaniita Masaba. Nilikwenda nikijiambia nitageuka kwenye kila kona, lakini nikafika.

Alikuwa amekaa uani, amevaa sweta juani. Mama yake alituwekea chai akaingia ndani.

“Wewe ndiye uliyenichora?” akauliza.

“Ndiyo.”

“Walinionyesha ukuta wako kwenye simu. Wakaniuliza wewe ni nani, nani alikulipa. Nikasema sikujui. Ilikuwa kweli, ila hawakuamini.” Alikizungusha kikombe bila kunywa. “Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani wamekuleta.”

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mahali nisipopajua kulikuwa na mtu akiningoja.

“Unachana bado?” nikamuuliza.

“Nachunga ng’ombe.” Kisha akainua kidole kuelekea nyumbani. “Ile picha, nakuomba uiondoe. Mama akiongea, anaongea nayo.”

Nikaingia ndani. Mama alikuwa ameshaitoa ukutani mwenyewe, ameishika kifuani, uso wa picha ukielekea kwake. Tulitazamana. Sikuwa na ujasiri wa kunyoosha mkono. Nilitoka nikamwambia kijana kwamba hilo ni lao wawili, yeye na mama yake, akakubali kwa kichwa, akanimiminia chai nyingine.

Bado nachora, pande zote mbili za mpaka. Uso wa mtu siuchori tena kabla sijamuuliza mwenyewe. Wengine hukataa palepale. Wengine hukubali wakicheka, halafu kesho yake wanakuja asubuhi mapema kuniambia hapana, nami nauchukua ufagio wa chokaa bila kuwauliza sababu.