Kibodi ya Boksi

Mume wangu alipofariki, kundi lake la WhatsApp lilikuwa na wanafunzi tisa ambao hakuna mtu aliyewaarifu. Msibani walikuja watu wengi, lakini simu yake iliisha chaji siku ile ile nami nikaitia kabatini chini ya kanzu zake. Nilipoiwasha wiki ya pili, nikakuta bado wanamsubiri.

"Mwalimu, leo somo lipo?"

"Mwalimu kala kona."

"Bando limemkatia huyo, mwacheni."

Na wa mwisho aliandika: "Mwalimu, kama tumekukosea utuambie."

Niliwajibu kwa maandishi, maana sauti ilikuwa haijanirudia. Niliwaambia mwalimu wao ametangulia mbele ya haki, na anayeandika ni mkewe.

Tulikuwa na duka la steshenari Mlandizi: kuchapa barua, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Jioni mume wangu alifundisha kompyuta. Waliokuwa mbali, upande wa Kisarawe kule Masaki na Kurui, aliwafundisha kwa simu, halafu siku moja moja walikuja dukani kuigusa mashine yenyewe. Wote walikuwa na simu janja na walizijua kuliko sisi. Waliweza kukata video, kutia muziki na kumgeuza mtu sura awe mzee. Lakini mmoja wao aliwahi kuuliza kwa nini kompyuta mpaka iambiwe itunze kazi, wakati simu inajua yenyewe. Mume wangu alicheka siku nzima kwa swali lile, kisha akaniambia kwamba ni swali zuri kuliko alivyodhani.

Pole zikamiminika kwenye kundi. Katikati ya pole, mwanafunzi mmoja wa kike, wa Masaki, aliandika: "Pole sana dada. Na mimi usaili wangu wa Zegereni?" Haikupita dakika akaufuta ujumbe huo. Bila shaka aliona haya. Lakini nilikuwa nimeshausoma.

Nilimfuata pembeni, nje ya kundi, nikamuuliza. Kiwanda kimoja Zegereni kilitaka karani wa stoo, na mtihani ulikuwa kuchapa orodha ya vifaa kwenye kompyuta, mbele ya mtu mwenye saa. Alikuwa na wiki sita. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, ana mtoto wa mwaka mmoja, analima mihogo na mama yake, na tangu amalize shule hajawahi kuitwa kwenye usaili wowote. Mume wangu alikuwa amemwahidi kwamba atamfikisha.

Nikasema moyoni, basi ahadi hii ni yangu. Nikaiingiza namba yangu kundini, na simu yake nikairudisha kabatini.

Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, nilikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi sitoki nyumbani, sijipambi, sijitii manukato. Mama mkwe wangu, aliyehamia kwangu tangu msiba, hakupenda niongee na vijana kwenye simu. Alikwenda mwenyewe kumuuliza ustadhi wa msikiti wetu, akarudi na jibu.

"Amesema kufundisha kheri hakuna ubaya," aliniambia. "Ila sauti iwe ya kazi."

Tangu siku hiyo, kila nikicheka kwenye simu, nilimsikia chumba cha pili: "Sauti ya kazi hiyo?"

La pili lilinisumbua zaidi. Mimi nimeishia darasa la saba. Kompyuta nilifundishwa na mume wangu pale dukani, nikichapa kadi za harusi na barua za kuomba kazi za watu wengine. Nilirekodi sauti nikawaeleza hivyo hivyo, kwamba sina cheti na kuna mambo sitayajua. Mmoja alitoka kundini bila kusema. Wengine walibaki, na yule wa Masaki akaandika: "Mwalimu, kompyuta haijawahi kuniuliza cheti."

"Hata mimi imeniuliza nywila tu," akaongeza kijana mmoja wa Kurui, mtu wa bodaboda, mwenye mzaha usiokauka. "Na ameisahau," mwingine akamwandikia.

Tukaanza.

Nitasema ukweli wa jambo moja, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nalo. Duka lingeweza kufunguliwa. Shemeji yangu aliniomba funguo mara mbili ili wanafunzi waendelee kwenda. Nilikataa. Nilisema kuna hesabu sijamaliza, lakini hapakuwa na hesabu yoyote. Sikutaka mtu akae kwenye kile kiti cha mume wangu.

Kwa hiyo wanafunzi wangu hawakuwa na kompyuta. Mimi nilikuwa na kibodi yake ya zamani, ile aliyoileta nyumbani nijifunzie. Nilikuwa nikiichomeka kwenye simu kwa waya mfupi, nikigonga, herufi zinatokea kwenye simu. Herufi nyingine zilikuwa zimefutika kwa vidole vyake. A haikuonekana kabisa, na pale ilipokuwa pamebonyea kidogo kama sehemu ya mto linapolala shavu.

Niliipiga picha nikawatumia. Nikawaambia kila mtu atafute boksi, achore kibodi kama anavyoiona, na ajizoeze kuweka vidole. Mstari wa katikati mume wangu aliuita nyumbani: kidole kinatoka, kinafanya kazi yake, kinarudi nyumbani. Kila jioni baada ya alasiri walinitumia picha na video za mikono yao juu ya maboksi, nami nikawasahihisha. "Kidole cha shahada kishuke." "Dole gumba lisilale." Wao nao walinisahihisha mimi.

"Mwalimu, sauti ya dakika saba ni hotuba," aliandika yule wa Kurui. "Tukatie vipande."

Nikajifunza kukata vipande. Nikajifunza kubandika somo juu ya kundi lisizame. Wakanifundisha kupiga simu ya video ya watu wengi, nami nikaigeuza kamera itazame mikono tu. Niseme wazi kwamba nilifurahi. Asubuhi nilikuwa mjane, na ikifika alasiri nilikuwa mwalimu. Wakati mwingine nilisahau kulia, halafu nikakumbuka kwamba nimesahau, nikaona aibu, halafu mtu akatuma boksi lililotafunwa na mbuzi na aibu ikaisha.

Yule wa Masaki ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Nilimtajia maneno kwa sauti, yeye akagonga boksi bila kulitazama, na kidole hakikukosea kisanduku. Video zake niliwaonyesha wenzake. Nilimwonyesha hata mama mkwe.

"Anagonga hewa," mama mkwe alisema. "Unajuaje kama anajua?"

"Naona vidole, mama."

"Haya."

Zilipobaki siku nane, mwanafunzi huyo alikwenda Kisarawe mjini, akaingia kwenye steshenari ya watu akaomba kompyuta kwa nusu saa. Nilikuwa nimemwambia achape sentensi moja kuhusu mavuno ya mihogo. Picha ya kioo ikaingia kwenye kundi. Hapakuwa na neno hata moja. Zilikuwa herufi tu, zimerundikana kama vitu vilivyodondoka kabatini.

"Hiki Kirusi," aliandika wa Kurui.

Kisha ikaja sauti ya yule wa Masaki, pembeni, kwangu peke yangu. Hakuwa analia, lakini alikuwa amemaliza kulia. "Mwalimu, vidole vinapitiliza. Nikiifuata A naangukia pembeni. Nadhani niwaambie tu kiwandani siwezi."

Nilirudia video zake zote na sikuona kosa. Mwishowe nikamwomba akifika nyumbani apige picha boksi lake likiwa na kitu pembeni, chochote, nione ukubwa.

Alimweka mtoto wake. Hakumweka pembeni, alimkalisha juu. Mtoto alikuwa amekaa baina ya G na H, na nafasi bado imebaki, anacheka.

Boksi lilikuwa la televisheni ya jirani. Mwanamke yule alikuwa amechora kila herufi kubwa ili aione vizuri, na vidole vyake wiki zote zile vilijifunza kuruka hatua za kuvuka mtaro. Kwenye picha sikuweza kujua. Kibodi kubwa na kibodi ndogo, kwenye simu zinalingana. Na mimi sikuwahi kumwambia mtu yeyote kipimo.

Niliwaomba wote wafanye hivyo hivyo. Wa Kurui aliweka kiberiti: kibodi yake yote ilienea kwenye jalada la daftari. "Ndiyo maana vidole vyangu vinagombana," aliandika. Mwingine alikuwa amefuata kingo za boksi la sabuni, ya kwake ikawa ya mraba. Hapakuwa na mbili zilizolingana. Tulicheka, wote wanane na mimi, mpaka sauti ikatoka chumba cha pili.

"Sauti ya kazi hiyo?"

"Hapana, mama," nilijibu.

Lakini usiku wa kicheko kile nililala vibaya. Kosa lilikuwa langu mara mbili: sikutoa kipimo, na nilifunga duka. Asubuhi nilirekodi sauti kwa kundi zima nikayasema yote mawili, pamoja na ile hesabu ya uongo. Kisha nikampa shemeji funguo. Mkono wangu haukutaka kuziachia, naye akasubiri bila kuvuta.

Duka halikutosha kumwokoa yule wa Masaki. Alihitaji kugonga kila siku, na hakuweza kuja Mlandizi kila siku akiwa na mtoto na shamba. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kumfaa, nacho kilikuwa juu ya meza yangu, A yake imefutika.

Mama mkwe alinikuta nikiitazama.

"Hiyo ndiyo inayotakiwa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na wewe hutoki."

"Sitoki."

Alikaa kitandani. "Wewe umefiwa na mume, umewekwa ndani. Mimi nimefiwa na mwanangu, nimeachiwa njia zote, kila siku nazitazama. Lete hicho kidude. Dada yangu anaishi pale pale Masaki."

Aliifunga kwenye khanga, pamoja na ule waya mfupi, akapanda bodaboda. Jioni nilipata sauti ya kwanza aliyorekodi maishani mwake, nusu yake akimuuliza mtu kama inarekodi. Alisema dereva alimuuliza njia nzima, "Bibi, umebeba mbuzi ya kukunia nazi?" naye akamjibu, "Ni shule, endesha."

Alikaa huko siku zote zilizobaki. Hakuna aliyempangia, alijipa cheo mwenyewe. Asubuhi alimbeba mtoto, mwanafunzi akagonga. Taarifa zilikuja kwangu kwa sauti: "Mwanafunzi wako anatwanga, hachapi. Nimemwambia apunguze, haitaki kuwa unga." Siku ya pili: "Leo anaangukia pembeni mara chache." Siku ya nne hapakuja sauti. Ulikuja ujumbe kwenye kundi kutoka Masaki, mistari mitano ya mavuno ya mihogo, nukta na mikato mahali pake, na chini yake: "Mwalimu, vidole vimerudi nyumbani."

Niliusoma mara nyingi. Niliyetamani kumwonyesha hakuwapo, nikaiwasha simu yake, nikaufungua ujumbe ule ule humo, nikaiacha mezani ikiwaka mpaka ikazima yenyewe.

Siku ya usaili nilipika wali ukaungua. Saa nane ndipo aliponipigia, akiwa nje ya geti la kiwanda, malori yakinguruma.

"Walinipa orodha ya nati na mikanda ya mashine, mwalimu. Yule mwenye saa alikuja akasimama nyuma yangu mara mbili."

"Ukafanyaje?"

"Sikumtazama. Sikutazama hata mikono. Na nimeitunza kazi. Mara tatu. Niliogopa isijue yenyewe."

Baada ya wiki moja walimpigia: Jumatatu aanze.

Mama mkwe alibaki Masaki na mtoto mpaka Jumatatu ile ikapita, ndipo akarudi na khanga yake. Nikaifungua. Kibodi ilikuwa na herufi nyekundu. Zote zilizofutika zilikuwa zimechorwa upya, na A ikiwa kubwa kuliko zote. Nikaijua rangi ile. Ilikuwa rangi yangu ya kucha, niliyokuwa nikipaka zile siku ambazo siswali.

"Niliichukua kwenye meza yako," alisema. "Eda hii huna kazi nayo."

Nilikasirika. Siwezi kusema sikukasirika. Zile herufi zilifutwa na vidole vya mtu mmoja tu duniani. "Mama, yule anachapa bila kutazama. Herufi za nini?"

"Si zake," alisema, akiikunja khanga polepole asinitazame. "Ni zangu. Mimi bila kuziona siwezi."

Niliweka kidole kwenye A. Chini ya rangi, kile kibonyeo bado kilikuwepo. Rangi haikukiziba.

"Na chupa iko wapi?" niliuliza.

"Imekwisha. Utanunua nyingine ukitoka."

Jioni ile, baada ya alasiri, somo lilichelewa kuanza kwa sababu mwalimu hakuwa na kibodi. Alikuwa nayo mama mkwe, amekaa mkekani, simu ya mwanawe mbele yake, akitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Wanafunzi walisubiri, wakiona kwenye simu zao kwamba mtu anaandika, anaacha, anaandika tena. Hatimaye ujumbe ukaingia, wote kwa herufi kubwa:

"HAMJAMBO WANANGU. MIMI NI MAMA WA MWALIMU."

"Shikamoo mama," wakajibu mmoja mmoja, wa Masaki akiwa wa kwanza, kutoka kazini.

Akaitafuta M.